Mla Majina wa Kibiti

Kwa miaka mingi, wasomaji wangu, mimi mwenye cheti cha shule ya usiku chenye mhuri na saini mbili, niliamini kwa moyo wote kwamba pale Kibiti, katika chumba kimoja chenye kompyuta tatu karibu na stendi, kulikuwa na jini anayekula majina. Si majina ya watu, hayo yana wenyewe. Jini huyu alikula majina ya biashara. Ukikaa mgahawani ukasema, "Nitafungua duka, nitaliita hivi," chai haijapoa jina lako limeshachukuliwa kwenye intaneti, limefunguliwa ukurasa, na ukurasa umejaa matangazo ya kamari. Ilisemekana jini huyo alitoka baharini, kwenye waya mkubwa wa mawasiliano unaolazwa chini ya maji, akapanda na mto hadi kwetu, na akapata mtu mmoja tu aliyejua kumfuga. Mfugaji huyo amekufa. Habari zilinifikia Ijumaa baada ya swala, kwa simu ya jamaa aliyezisema kwa huzuni, nami nikasema yale yanayompasa Mwislamu kuyasema, kisha nikakaa kitako kutafuta machozi. Nilipiga mbizi hadi chini kabisa ya nafsi yangu, nikaibuka mkavu.

Najua mtakachosema. Marehemu hutajwa kwa mema yake, na mabaya yake humezwa na mchanga. Nimeyatafuta mema hayo kwa bidii kuliko nilivyotafuta cheti. Nimepata kwamba alikuwa na choo safi nyuma ya kile chumba chake, na abiria wa mabasi ya kusini walikitumia bure. Allah amlipe kwa choo. Lakini mazikoni nilimsikia msemaji mmoja akimwita mwanzilishi wa teknolojia katika wilaya yetu, baba wa intaneti, taa iliyozimika, na kila alipoongeza sifa mimi nilihisi joto likinipanda hata nikadhani kofia yangu itashika moto. Taa gani? Mtu aliyetumia mwanga wa dunia nzima kuwachungulia majirani zake wanawaza nini, ili awatangulie! Sikusema neno pale makaburini, kwa kuwa nililelewa. Nalisema hapa, kwa kuwa safu hii ni yangu.

Nilimjua tangu hajaiona kompyuta. Tulikua pamoja upande wa Chumbi, ambako mtu hupimwa kwa shamba lake la mlau, lile linalolimwa maji ya mafuriko yakishapungua na kuacha udongo mweusi unaoweza kuotesha hata mpini wa jembe. Kwetu bonde halikuwa na hati. Maji yakirudi mtoni, ulikwenda ukafunga fundo la nyasi kwenye pembe nne za kipande unachokitaka, na watu wakaheshimu fundo lako kwa siku saba. Ukishindwa kutia jembe ndani ya siku hizo, fundo limekufa, mwingine afunge. Ilikuwa huruma kwa mwenye homa au mwenye msiba, au aliyekosea akafunga penye mchanga. Muungwana alitumia siku zake, akalima au akaacha, na hakuna aliyemdai neno.

Sasa mwenzetu huyu akaigeuza huruma kuwa mtego. Mwaka ule maji yalipanda hadi kambale wakawa wanapiga hodi milangoni, na yalipopungua, marehemu aliamka kabla ya jogoo akafunga bonde zima. Sizidishi chumvi, au nazidisha kidogo tu: kutoka kwenye kivuko hadi mkondo wa zamani kila penye nyasi palikuwa na fundo lake. Halimi. Anakaa kwenye dungu la mtu mwingine, pale juu watu wanapolindia mazao, anatazama nani anakuja kuinamia kipande kipi. Akiona mtu anakizunguka mara mbili, anateremka. "Hiki kimefungwa, ndugu yangu. Lakini tunaweza kuzungumza." Vile visivyoulizwa na mtu alivifungua siku ya sita na kuvifunga upya siku hiyohiyo, saba nyingine zikaanza.

Walioimaliza kazi hiyo ni wanawake. Asubuhi moja walimkuta bondeni, wako kama kumi na wawili, majembe begani.

"Hodi bondeni, shemeji," mmoja akamwambia. "Fundo hili la nani?"

"Langu."

"Na lile?"

"Langu pia."

"Na yale yote ya kule?"

"Yote yangu. Nimefunga kwa desturi, sijamvunjia mtu heshima. Naangalia kwanza udongo upi mzuri."

"Udongo hauangaliwi kwa macho, shemeji, unaangaliwa kwa jembe. Shika hili. Umefunga, lima."

Wakamzunguka. Kila alipotaka kuinua mgongo, mmoja aliimba na wengine wakaitikia, "Umefunga, lima!" Alilima hadi adhuhuri, viganja vikatoka malengelenge makubwa kama mayai ya kanga, na kabla jua halijazama mafundo yote aliyobakiza aliyafungua mwenyewe kwa meno. Tangu mwaka ule bondeni kwetu ikawa sheria: anayetaka kufunga fundo, kwanza apige tuta moja. Tuta moja tu. Ajabu ni kwamba tuta hilo moja lilitosha kumfukuza kila mtu asiyekuwa na nia ya kulima.

Yeye alifukuzika hadi Kibiti. Miaka ikapita, akarudi tena machoni petu akiwa na shati la mikono mirefu, sahani ya setilaiti juu ya paa, na jenereta iliyonguruma hadi viboko wa Rufiji wakafikiria kuhamia Lindi. Chumba cha intaneti cha kwanza wengi wetu kukiona. Nami nikiri, nilikuwa mteja wake. Nilikuwa nimetoka shule ya usiku na Kiingereza kibichi, kinachochuruzika, nikitafuta mahali pa kukimwaga. Kila Jumamosi nilikuwa pale.

Alichokuwa akikifanya mle ndani nilikielewa baadaye sana, nami nitakieleza kama kinavyoelezeka. Jina la tovuti ni kama kipande cha bonde: ukilisajili na kulipa ada, ni lako, na duniani kote hapatakuwa na la pili lililo sawa nalo. Wasimamizi wa majina waliweka siku tano za huruma. Umekosea herufi, umebadili mawazo, rudisha jina ndani ya siku tano na ada yako inarudi yote. Si lile fundo letu la nyasi? Basi duniani wakajitokeza watu waliofanana na marehemu kama mapacha. Wanasajili majina kwa maelfu, wanayawekea matangazo, wanatazama kwa siku nne nani anapita. Lenye wapitaji wanalibakiza, au wanamngoja mwenye kiu nalo aje kupiga magoti. Lisilo na wapitaji wanalirudisha bure, na wengine hulichukua upya palepale. Wenyewe waliita kazi hiyo kuonja. Mmewaona watu wa namna hiyo sokoni Ikwiriri: anaonja karanga za huyu, anaonja embe la yule, anafika mwisho wa soko ameshiba na kikapu kitupu. Marehemu alikuwa wakala wa waonjaji hao wa ng'ambo. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea majina ya huku kwetu.

Sisi hatukujua lolote kati ya hayo. Tulijua kwamba majina yanaliwa. La mwenye nyumba ya wageni lililiwa, la mwenye karakana ya baiskeli lililiwa. Na kwa kuwa hakuna aliyejua yanakwendaje, akazaliwa jini, nami nikawa mlezi wake mkuu. Nilieneza habari zake kuliko mwenyewe marehemu. Niliongeza kwamba jini huyo ana masikio saba, na kwamba hasikii juu ya maji, kwa sababu maji ndiyo aliyotoroka.

Hapo ndipo kinapoingia kikundi cha wanawake warina asali wa delta. Jina lao sitalitaja; limeshateseka vya kutosha. Walikuwa wametundika mizinga kwenye mikoko ng'ambo ya Nyamisati, na asali yao ilikuwa nyeusi, yenye chumvi kwa mbali, asali ambayo ukiilamba mara moja unamsamehe hata mwenye nyumba wako. Mnunuzi mmoja wa mahoteli aliipenda akawaambia: nataka kuichukua kila msimu, lakini wageni wangu lazima wawaone kwenye intaneti, kwa jina lenu wenyewe. Wakaniita mimi, msomi wa usiku, niwaongoze. Na ushauri wangu wa kwanza, wa kitaalamu kabisa, ulikuwa kwamba jina lichaguliwe juu ya maji.

Tukapanda mtumbwi. Wanawake tisa na mimi, tukapiga kafi hadi katikati ya mkondo, na pale mwenyekiti wao, mama mzito wa maneno, akalisema jina kwa kunong'ona, wote wakaitikia kwa kichwa. Kisha wakala kiapo: hakuna kulitamka jina hilo nchi kavu hadi litakaposajiliwa. Katibu wao ndiye aliyeliandika kwenye karatasi, akaikunja, akanikabidhi. Huyu katibu alikuwa mwanamke mcheshi, mwenye maneno matamu yasiyokwisha, na mwenzake akamchokoza palepale, "Weye je utaweza? Mdomo wako hauna kitasa." Akacheka, akasema, "Nitajaza mihogo mdomoni siku tatu."

Nikaenda Kibiti. Nikahakikisha jina liko wazi, lilikuwa wazi. Nikarudi Nyamisati kuwapa habari njema na kuchukua ada ya usajili, na siku ya tatu nilipofika tena Kibiti, jina limeliwa. Lilikuwa na ukurasa. Ukurasa ulikuwa na kamari juu, dawa za kupunguza unene katikati, na chini, Allah atusitiri, picha za wanawake ambao mavazi yao yote yangefunika kikombe cha kahawa. Juu ya yote hayo, jina la akina mama wa delta wanaoswali swala tano.

Nilimwendea marehemu alipokaa nyuma ya meza yake. "Bwana," nikamwambia, "hili jina ni la watu."

"La watu gani? Limesajiliwa?"

"Walikuwa wanakuja kulisajili."

"Ahaa. Walikuwa wanakuja." Akatabasamu lile tabasamu la juu ya dungu. "Limeshachukuliwa, ndugu yangu. Lakini tunaweza kuzungumza."

Mazungumzo yake hayakuwa na bei ya binadamu. Siku ya tano jina lilifunguka, nikalikimbilia, likafungwa mbele ya macho yangu. Likafunguka tena baada ya siku nyingine tano, likafungwa tena. Wakati huo mnunuzi aliandika jina kwenye kompyuta yake ili awaonyeshe wageni asali, akaona alichokiona, akapotea. Mume wa mwenyekiti alionyeshwa ukurasa ule na watu wanaopenda kuonyesha, akamkataza mkewe mizinga msimu mzima. Kijiji kizima kikasikia kwamba akina mama wale wana picha zao Kibiti. Kikundi kiliitwa kikakutana, na mimi nikasimama kueleza, na maneno niliyoyasema nayakumbuka kama nilivyoyasema: "Jini hasikii bila mdomo wa mtu. Lazima kuna aliyelitamka nchi kavu."

Sikumtaja mtu. Sikuhitaji. Jozi nane za macho ziligeuka pamoja, na ya tisa ilikuwa yangu.

"Mie?" katibu akasema. "Wallahi sikulitamka. Hata usingizini sikulitamka."

"Usingizini wajuaje?" mmoja akamtupia, na kicheko kikapita, kile kisichomfurahisha mtu.

Wakamwondoa kwenye kikundi. Yeye ndiye aliyetundika mizinga ya kwanza, aliyeumwa na nyuki hadi uso ukawa kama boga, na wakamwondoa. Akikaribia gatini pale Nyamisati, watu walikuwa wanasema, "Nyamazeni, redio imefika." Akivumilia, wanaongeza: "Redio, leo una taarifa gani?" Haukupita mwaka akahamia Dimani, upande wa Kibiti, kwa dada yake. Hilo nalo nikaliandika kwenye deni la marehemu.

Kisha dunia ikageuka. Wale wasimamizi wa majina ya intaneti, baada ya vikao vyao na barua zao na subira yao ndefu, waliamua kwamba anayerudisha majina machache kwa kukosea atarudishiwa ada yake kama zamani, bali anayerudisha kwa mafungu, kila siku, mwezi baada ya mwezi, hatarudishiwa. Basi. Hawakumfunga mtu jela. Hawakuivunja huruma ya siku tano. Imo hadi leo kwa aliyekosea kweli. Walisema tu, kwa Kiingereza kirefu cha ofisini, umefunga, lima. Na kuonja kukafa duniani kama moto uliomwagiwa maji. Wataalamu wa sayari nzima, wenye viyoyozi na mawakili, walichukua miaka kufika pale walipofika wanawake wa Chumbi kabla ya adhuhuri.

Marehemu alinyauka msimu huohuo. Wakala wa waonjaji anafanya nini wasipoonja? Jenereta ikanyamaza, viboko wakarudi, chumba kikawa duka la vocha, na simu za mkononi zikamaliza kilichobaki. Jina la akina mama likaachwa wazi kama gofu. Nilikwenda kumwambia mwenyekiti kwamba sasa linapatikana, tena bila mazungumzo. Akanijibu, "Mwanangu, nguo iliyovaliwa na maiti utaifua hadi lini? Liacheni." Hadi leo asali yao inauzwa kwenye chupa zisizo na karatasi yoyote.

Nimewaza sana juu ya watu wa namna ya marehemu, na kifo chake hakijanilainisha. Tunaye kila mahali. Ni yule anayeweka kigingi kwenye viwanja kumi na hajengi hata kimoja, anayeomba nafasi ya meza sokoni ili aikodishe, anayechumbia mabinti watatu na kungoja nani atafaulu mtihani. Hana kosa kwa kanuni, na ndiyo sababu anatisha: anaishi ndani ya huruma ya kanuni kama mchwa ndani ya boriti. Siku mnapoichoka nyumba yake mnaibomoa huruma yenyewe, na anayeumia ni mwenye homa, mwenye msiba, aliyekosea herufi. Dawa yake ni lile tuta moja. Kila penye haki ya kushika pawe na kazi kidogo ya kuonyesha unashika kwa nini. Hilo ndilo somo nililokusudia kuwapa, na safu ningeifunga hapa, nikashushia na chai.

Lakini juzi nilikwenda kwenye hitma yake. Nilikwenda kwa ajili ya watu, na kwa ajili ya pilau pia, kwa nini nifiche. Baada ya dua tukakaa barazani, na kwa kuwa sijui kukaa na watu bila kuwachekesha, nikawasimulia habari za jini. Siku nyingi jini mwenyewe nimeshamwacha. Mtu aliyesoma hadi mchana sasa haamini masikio saba. Ila yule mtamkaji sikuwa nimemwacha. Niliwaeleza mtumbwi, kiapo, mihogo mdomoni, na nikamalizia kama ninavyomalizia siku zote: "Mwisho jini hakuwepo. Kulikuwa na mwanamke mwenye mdomo usio na kitasa, naye akampelekea bwana mwenyewe." Wakacheka sana. Nilipoinuka kunawa mikono uani, mwanamke aliyekuwa akikusanya masinia alisimama mbele yangu. Nywele zimeingia mvi, lakini sauti ni ileile, ila sasa haina haraka.

"Mwalimu, hujambo."

"Sijambo, dada. Nawe umekuja kumsomea huyu?"

"Nimekuja kusaidia wafiwa, ni majirani wa dada yangu. Nimekusikia barazani. Nikuulize kitu kimoja, maana miaka yote hii hakuna aliyeniuliza mie. Nilikupa ile karatasi mkononi, kweli si kweli?"

"Kweli."

"Kabla hujarudi kutwambia liko wazi, ulijuaje kama liko wazi?"

"Niliangalia kwenye kompyuta."

"Kompyuta ya nani?"

"Ya... pale chumbani kwake. Nyingine zilikuwa wapi?"

"Na kuangalia kwenyewe kunafanywaje? Mie sikusoma usiku."

"Unaliandika jina pale juu, inakujibu kama lipo au halipo."

Akainama, akaokota sinia la mwisho, akaliweka juu ya mengine.

"Basi, kaka yangu. Jini, hakukuwa na jini, na mie sikusema na mtu. Uliliandika weye mwenyewe, kwa mkono wako, kwenye mashine yake."